Chakula cha Usiku: Nani Kashiba, Nani Kalala na Njaa?

Somo hili lilisomwa redioni saa moja na nusu jioni, wakati ambapo katika nyumba nyingi za Kibakwe maji ya ugali yako motoni. Sasa limepigwa chapa ili wewe uliyekuwa mnadani, au uliyeishiwa na betri, upate kulisoma kwa nafasi yako. Nakuomba ulisome pamoja na mwenzako wa nyumbani. Likisomwa na mmoja tu laweza kuleta ugomvi, maana atakwenda kumwambia mwenzake, "Umesikia walivyosema?" hali mwenzake hakusikia hata neno moja.

Ukimwuliza mtu wa Kibakwe chakula cha usiku kilicho kamili ni kipi, atakucheka. Ni ugali. Ugali wa nini, na kwa mboga gani, hapo maneno yaweza kuwa mengi. Lakini ugali ndio chakula, na vingine vyote ni vya kushikiza tumbo tu mpaka ugali uive. Jibu hili ni rahisi sana katika nyumba ambayo mume na mke wamezaliwa kijiji kimoja. Lakini siku hizi watu huonana vyuoni, makazini na safarini, wakaoana, na kila mmoja huja na jibu lake. Hawaambiani jibu hilo wakati wa uchumba. Hukutana nalo mezani.

Nitakueleza habari za nyumbani kwangu mwenyewe, maana za jirani si haki kuzitangaza. Mimi ni mtu wa huku huku, nimezaliwa chini ya milima hii. Mke wangu ni mtu wa Pangani. Tulionana chuoni, tukaoana, nami nilipopewa kazi ya elimu katika sehemu hii tukaja wote. Siku ya tatu baada ya kupanga vyombo, mke wangu aliandaa chakula cha usiku: chapati nne, maharage ya nazi, na chai ya tangawizi. Nazi hiyo aliibeba kutoka kwao. Nilikula vizuri, nikanawa mikono, nikangoja. Yeye naye akakaa akangoja. Mimi nilikuwa nangoja ugali. Yeye alikuwa anangoja niseme ahsante. Tukangojana hivyo kwa muda.

Maneno yaliyofuata yalisomwa redioni na walimu wawili, mwanamume na mwanamke. Nayaandika hapa kama yalivyosomwa.

MUME: Mama, chakula bado?
MKE: Chakula gani tena, mume wangu? Si umekula sasa hivi?
MUME: Ile ilikuwa chai.
MKE: Chapati mbili, bakuli la maharage na vikombe viwili vya chai, ndiyo chai hiyo?
MUME: Nasema chakula. Cha usiku.
MKE: Basi huku kwenu chai hunywewa na nini, na ng'ombe mzima?

Wasikilizaji walicheka hapo, nami nashukuru. Usiku ule hakucheka mtu. Mimi nililala nikiona kwamba nimenyimwa chakula katika nyumba yangu mwenyewe, na mke wangu alilala akiona kwamba mikono yake imedharauliwa. Wala hatukuwa tumegombana juu ya chapati.

Tazama kwanza jinsi siku inavyokwenda Pangani. Katika miji mingi ya pwani yetu, toka Tanga mpaka Unguja, mlo mkubwa ni wa mchana. Wali au ugali, samaki, mchuzi wa nazi, hayo huliwa saa saba au saa nane, watu wakapumzika. Jioni hutakiwa kitu chepesi: mkate, chapati, mihogo ya kuchemsha, pengine supu, na chai. Mtu wa huko akila wali mzito saa tatu usiku huona amejitesa. Kwake yeye chai na mkate ni chakula cha usiku kamili, kwa sababu mchana alikwisha kula.

Sasa tazama siku ya huku kwetu wakati wa kilimo. Mvua zetu huanza kwenye Desemba zikaisha kwenye Aprili, nazo ni chache, hivyo siku ya kulima haipotezwi kwa kupika. Asubuhi ni uji au kiporo. Mchana shambani ni uji tena, au kipande cha muhogo, au karanga mkononi, au hakuna kitu. Jioni ng'ombe wanarudi, watu wanarudi, kuni zinawashwa, na hapo ndipo mtu hula mlo wake wa kweli wa siku hiyo. Ukimpa mtu huyo chai na mkate usiku, umempa kitu cha kushikiza tumbo mara ya tatu kwa siku moja. Akisema hakula, hasemi uongo.

Waona basi, msomaji, kwamba mimi na mke wangu tulikuwa tukibishana juu ya usiku, hali tofauti yetu ilikuwa mchana. Tangu tuhamie hapa mimi nilikuwa nakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, mchana nikishindia maandazi. Yeye alikuwa akipika mchana, akanibakizia, nami nikirudi nikakiita kiporo. Kile kilichokuwa kwake ndicho chakula kikubwa cha siku, mimi nilikiona ni mabaki.

Kuna neno jingine lililotuchanganya, nalo ni neno mboga. Huku bara mboga ni kila kinacholiwa pamoja na ugali. Nyama ni mboga, samaki ni mboga, maziwa ya mgando yaweza kuwa mboga. Kwa mtu wa pwani mboga ni majani, na nyama au samaki ni kitoweo. Siku moja nilimwambia mke wangu kwamba Jumapili tutapata wageni, atafute mboga nzuri. Akatafuta mboga nzuri sana: mchicha, matembele na majani ya maboga, akayaunga kwa karanga. Wageni walikuwa wajomba zangu. Walikula kwa adabu, na mpaka leo husema kwamba nilioa mwanamke mchumi.

Si sisi peke yetu wenye maneno ya namna hii. Waganda wana neno emmere, yaani chakula, lakini mtu akilisema kwao mawazo huenda kwanza kwenye ndizi za matoke zilizopikwa zikapondwa. Kinacholiwa pamoja nazo kina jina lake mbali, enva. Ndugu zetu Wahaya wa Bukoba nao, mtu akikosa ndizi zake aweza kula sahani mbili za wali akasema bado hajala. Kila watu wana kitu kimoja ambacho kisipokuwapo mlo haujawa mlo. Nacho si lazima kiwe kitamu kuliko vingine. Ni kile ambacho mtoto aliambiwa "njoo ule" kikiwa mbele yake.

Watu wa huku husema, "Wali haukai tumboni." Zamani mimi nilidhani haya ni majivuno ya wala ugali tu, lakini lina ukweli ndani yake. Katika nchi ya Mali, ambako watu hula mtama na uwele kama sisi, wataalamu walipima muda ambao vyakula hukaa katika matumbo ya watu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Waliona kwamba uji mzito na ugali wa nafaka hizo hutoka tumboni polepole zaidi kuliko wali na viazi. Basi mtu aliyezoea ugali wa uwele akikwambia kwamba amekula wali saa moja na saa nne ana njaa, usimwite mlafi. Lakini vile vile mtu aliyezoea wali akikwambia kwamba ugali wa usiku umemlalia tumboni mpaka alfajiri, naye usimwite mdekaji. Jambo ni lile lile moja, mmoja analisifu na mwingine analilalamikia.

Hapo nilipata nguvu, nikamwambia mke wangu kwamba mimi nautetea ugali wa mababu zangu. Kwa bahati mbaya mama yangu alikuwa amekaa pale, akipepeta karanga. Nilidhani ataniunga mkono. Akaniuliza, "Ugali upi wa mababu? Wewe si unadai sembe?"

Naye alisema kweli. Mababu zangu hawakula sembe jeupe. Walikula uwele na mtama, nafaka za Afrika hasa: mtama kwao ni upande wa Sudani, na uwele ni ukingo wa Sahara, upande wa magharibi. Mahindi ni mgeni. Asili yake ni Amerika, nayo yaliletwa Afrika baada ya Wareno kuanza kusafiri baharini, karne ya 16. Huku Ugogoni yalichelewa sana kukubaliwa kuwa chakula cha kila siku, na kwa sababu nzuri, maana mvua ikikatika katikati ya Februari mahindi hukauka hali uwele waendelea. Katika vijiji vya milimani, penye baridi na mvua zaidi, mahindi na maharage hustawi. Lakini chini bondeni anayetegemea mahindi peke yake anacheza kamari.

Sembe likapata heshima kwa sababu jingine. Lilikuwa unga wa dukani, unga wa mjini, unga wa mtu mwenye mshahara. Weupe wake hutokana na kukobolewa, yaani kuondolewa ganda na kiini, na humo ndimo mlimo sehemu kubwa ya mafuta, madini ya chuma na vitamini. Tunalipa ili tupunguziwe chakula. Wazee watakumbuka tena kwamba katika miaka ya uhaba, ya 1970 na ya 1980, nchi ilileta mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu waliuita unga ule "Yanga", kwa rangi ya klabu ya mpira. Wengi waliula kwa kununa, wakasema si ugali. Ulikuwa unashibisha kama mwingine, na rangi ile ya njano ina manufaa ambayo unga mweupe hauna. Lakini mtu hali kwa tumbo tu. Hula kwa macho na kwa kumbukumbu, na mume aliyezoea weupe atakaa mbele ya sahani ya njano kama mtu aliyepewa kiti cha wageni wa mwisho.

Basi nikawa sina mababu wa kunitetea. Nilikuwa na mazoea yangu tu, kama mke wangu alivyokuwa na yake.

Hata hivyo kwa miezi kadhaa mazoea yangu ndiyo yaliyoshinda, maana nilikuwa kwetu, na jamaa zangu wakinisikiliza. Mke wangu alijifunza kusonga. Alijifunza mlenda, akautia magadi kidogo kama inavyotakiwa, akauunga kwa karanga, na sasa aupika vizuri kuliko dada zangu (hawatasoma somo hili). Chai ya jioni ikafutwa nyumbani. Nilisema, chai ya saa kumi na mbili yaharibu njaa ya ugali.

Naomba usome sehemu hii polepole.

Ilikuwa Januari, wakati wa palizi. Sote tulikuwa tukienda shambani baada ya kazi, tukirudi giza limeingia. Kuwasha moto, kuchemsha mboga, kusonga: ugali ukawa tayari saa tatu usiku, na siku nyingine saa tatu na nusu. Mtoto wetu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Saa moja na nusu alikuwa amekwisha kulala. Tukimwamsha, alikuwa akila tonge mbili kwa usingizi, akaegemea bega la mama yake. Sisi tulisema, mtoto huyu si mlaji.

Tulipompeleka kupimwa uzito, alikuwa na uzito ule ule wa miezi miwili nyuma. Kwenye kadi yake mstari uliokuwa ukipanda ulikuwa umelala. Muuguzi hakutukaripia. Aliuliza swali moja tu: "Huyu jioni hula saa ngapi?" Mimi nikamtazama mke wangu, yeye akanitazama mimi, na hakuna aliyejibu.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ana tumbo dogo. Hawezi kungoja mlo mmoja mkubwa kama mtu mzima atokaye shambani. Mashauri ya wataalamu wa afya ni kwamba apate milo mitatu au minne kwa siku, na katikati yake kitu kidogo mara moja au mbili. Ukimwondolea mlo wa jioni kila siku, humrudishii kwa kumpa tonge kubwa kesho. Katika nchi yetu, uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto 34 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 30. Sisemi kwamba wote hao wamedumazwa na ugali wa saa tatu. Sababu ni nyingi: magonjwa, maji machafu, umaskini, ukame. Lakini nyumbani kwangu hapakuwa na ukame. Unga ulikuwamo, karanga zilikuwamo, na mama mzazi alikuwa tayari kumlisha mtoto saa kumi na mbili kama kwao. Mimi ndiye niliyefuta saa ile, nikatetea chakula kamili cha watu wazima.

Nitasema haki yangu pia. Chai na mkate mweupe visingalimtosha mtoto yule. Chai humzuia mtu asipate vizuri madini ya chuma yaliyo katika chakula anachokula nayo, na mtoto mdogo ndiye mwenye haja kubwa ya madini hayo. Kilichomfaa kilikuwa kati yetu: saa ya mama, na chungu cha bibi. Uji mzito wa uwele, uliotiwa karanga zilizosagwa laini, na maziwa yakipatikana. Hupikwa mchana ukawekwa safi katika chupa ya moto, hivyo jioni hakuna anayengoja kuni. Mama yangu alisema ndivyo nilivyolelewa mimi. Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema, "Nilidhani mmesoma."

Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha masomo ya redio kwa nchi nzima yaliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika kwa vikundi, redio katikati, kiongozi na kitabu mkononi. Somo likiisha, wakazungumza na kuamua la kufanya. Ndiyo njia tunayoifuata hapa pia. Nyumba yenye mume na mke nayo ni kikundi, ingawa mara nyingi haina kiongozi anayekubaliwa na pande zote.

Sisi tulifanya hivi. Tuliacha kuuliza chakula kamili ni kipi, tukachukua karatasi, tukaandika siku nzima ya kila mtu wa nyumbani: aamka saa ngapi, ala nini, wapi, kimepikwa na nani, kwa kuni za nani. Jambo la kuni lilinifedhehesha kidogo. Kusonga ugali usiku kwa ajili yangu kulikuwa kunataka moto wa pili, na moto ule ulikuwa mgongoni mwa mke wangu, si mgongoni mwangu. Bwana anayedai ugali wa moto saa tatu, ajue aliyefunga mzigo wa kuni ni nani.

Siku hizi mtoto hula saa kumi na mbili na nusu, na mkubwa mwenye njaa aweza kula naye. Ugali upo bado, lakini huliwa saa mbili, na palizi ikituzuia nachota maji mimi. Mchana siku za kazi nabeba chakula halisi kutoka nyumbani, hivyo usiku sirudi kama fisi. Ijumaa usiku ni chai, chapati na maharage, wala sisemi neno. Tumekubaliana juu ya hayo. Juu ya sembe hatujakubaliana: mama na mke wangu wataka uwele siku zote, nami naomba sembe siku mbili kwa wiki, na shauri hilo bado liko barazani.

Kabla ya somo la wiki ijayo, chukueni karatasi nanyi, muikunje katikati. Mmoja aandike upande huu, mwingine upande ule, bila kuchunguliana: vyakula vyote ambavyo mtu akipewa usiku atasema amekula. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wa shule, lakini si na mwenzake. Sisi tulipofanya hivyo, upande wa mke wangu ulijaa mpaka chini. Upande wangu ulikuwa na neno moja, nami nilikuwa nimelipigia mstari.